Mpaka Kumi Bila Kuachia

Mwalimu wa malezi alikuwa na kitambaa cha meza ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa hata kukifua. Kilikuwa cheupe, kimedariziwa pindoni kwa uzi wa kijani, na kazi yake duniani ilikuwa moja: kutandikwa kila Ijumaa juu ya meza ndogo, katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya vitabu, ili watoto wawili waliogombana wapeane mkono juu yake. Ijumaa hii alikipiga pasi mara mbili kabla hata ya kunywa chai, akakikunja na kukibeba mkononi njia nzima, kwa kuogopa mkoba ungekitia makunyanzi. Saa nne wageni wa ofisi ya elimu walikuwa wanakuja kumtazama akifanya kazi yake.

Tumpe haki yake, sababu ya kuvimba kichwa alikuwa nayo. Miaka mitatu nyuma shule ile ilikuwa shule kwa jina tu. Wakubwa waliwapora wadogo kalamu na chakula, na mtoto mmoja wa darasa la pili aliwahi kufungiwa chooni tangu mapumziko hadi wenzake walipokwenda nyumbani. Mwalimu mkuu alijua dawa moja tu, nayo ni fimbo, na fimbo ilizidi kuharibu mambo, maana aliyechapwa leo alimvizia kesho yule aliyemshtaki. Ndipo mama huyu akaja na mpango wake. Wagomvi wawili huitwa kwenye kile chumba. Mkosaji husema kosa lake, mkosewa husema amesamehe. Kisha hupeana mkono wa kulia, hutazamana machoni, na kuhesabu pamoja kwa sauti mpaka kumi.

Na hapo kwenye kuhesabu ndipo alipoongeza kitu chake mwenyewe, alichojivunia kuliko vyote. Anayeachia mkono kabla ya kumi bado ana kinyongo, kwa hiyo wanaanza upya, moja. Akiachia tena, moja tena. "Kinyongo hukaa mkononi," alipenda kuwaambia walimu wenzake, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona kinyongo kinakaa wapi, hakuna aliyembishia. Watoto wakambatiza jina la Mama Kumi. Alijifanya hajui, lakini alilipenda jina lile kupita kiasi.

Alikuwa na daftari pia, lenye jalada gumu. Kesi sitini na tatu kwa miaka mitatu, kila moja na tarehe, na mwisho wa kila mstari kulikuwa na swali: amerudi kulalamika? Jibu lilikuwa hapana, hapana, hapana, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna hata mtoto mmoja aliyepatanishwa akarudi kushtaki mara ya pili. Mwalimu mkuu aliusoma mstari huo kwenye mkutano wa wazazi na wazazi wakapiga makofi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na methali hiyo Mama Kumi alikuwa akiifundisha mwenyewe darasa la tano kila mwaka, tena kwa mifano.

Sasa habari zilikuwa zimefika juu. Ofisi ya elimu ilikuwa imeshaandika waraka wa kuupeleka mpango ule kwenye shule zote za eneo, themanini na mbili. Ulikuwa umekwisha chapishwa, umebaki kutiwa saini, na mkaguzi mwenyewe alitaka kuuona mpango kwa macho kabla hajaweka kalamu. Mwalimu mkuu aliomba waonyeshwe kitu cha kugusa moyo. Mama Kumi hakuhitaji kufikiri. Alijua kesi gani.

Ilikuwa kesi ya Kiranja na Kidoti. Kiranja alikuwa msichana wa darasa la saba, kiranja mkuu, mwenye mwandiko wa kuigwa na sweta ambalo halijapata kupoteza kifungo. Kidoti alikuwa darasa la sita, mtoto wa dobi, mkimya, na jina alilipata kwa doti jeusi lililokuwa chini ya jicho lake. Miezi miwili iliyopita Kiranja alikuwa amemwagia Kidoti maji ya deki kwenye begi, madaftari yote yakalowa. Waliitwa, Kiranja akaomba radhi kwa maneno mazuri mno, wakapeana mikono. Walipofika nne, machozi yakaanza kumtiririka Kidoti. Hakuachia. Alihesabu mpaka kumi huku analia, na Mama Kumi naye akatoa leso. Kisa hicho alikisimulia kwenye chumba cha walimu mpaka mwalimu wa hesabu akawa anatoka nje akisikia kinaanza.

Alhamisi jioni aliwaita wote wawili akawaambia kesho watarudia mbele ya wageni, vilevile kama siku ile. Kiranja akasema, "Sawa, mwalimu." Kidoti alikuwa anautazama mkono wake. Mama Kumi aliona ni haya ya kitoto tu, akamwambia avae soksi safi.

Basi Ijumaa, yapata saa mbili na nusu, kitambaa kimeshatandikwa na viti viwili vimepangwa, mpishi wa shule akaingia bila kubisha hodi. Alikuwa bado na mwiko mkononi.

"Mwalimu, nenda zahanati. Yule wa darasa la sita mwenye doti ameungua."

"Ameungua na nini?"

"Sufuria ya chai ya walimu. Nimegeuka kuchukua majani, nikasikia ananong'ona, kugeuka namwona kabandika mkono." Mpishi aliutazama mwiko kana kwamba ungemsaidia kueleza. "Mimi nimempeleka mbio. Lakini mwalimu, yule mtoto hakulia."

Na hapa nitasema jambo ambalo yeye mwenyewe alikuja kulikiri baadaye, maana halifichiki. Wazo lake la kwanza lilikuwa la wageni. Aliwaza: saa nne, na mkono wenyewe ni upi? Ndivyo tulivyo, watu wa kazi njema. Tukishaipenda kazi, tunawasahau tunaowafanyia.

Zahanati ilipakana na shule, uzio mmoja na geti dogo kati yake. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo asiyepoteza maneno. Mama Kumi alimkuta amemkalisha Kidoti kitandani, mkono wa kulia uko ndani ya beseni la maji. Kidoti alipomwona Mama Kumi, aliutoa mkono haraka kwenye maji akauficha nyuma ya mgongo, mbichi vilevile, ukichuruzika.

"Urudishe," muuguzi alimwambia polepole, na mtoto akaurudisha. Kisha akamvuta Mama Kumi hadi dirishani. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Mtu akigusa moto, mkono unaruka wenyewe, hauombi ruhusa. Huu haukuruka. Huu umewekwa ukaachwa. Kiganja chote, sawasawa, na vidole vimekaa wima visiguse. Mimi nimeshamtuma mpishi kwa mama yake. Lakini kabla mama hajafika, mimi na wewe tujue ni nini."

Mama Kumi alivuta kigoda akaketi karibu na kitanda, akatafuta ile sauti yake ya Ijumaa.

"Mwanangu, kwa nini?"

Kidoti aliyatazama maji. "Nilitaka ufungwe bandeji."

"Bandeji ya nini?"

"Mkono wenye bandeji haushikwi." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayejibu swali la sayansi. Kisha akaongeza kwa sauti ya kuomba msamaha: "Nilifika nne tu, mwalimu."

"Nne nini?"

"Kuhesabu. Kwenye sufuria nilifika nne. Kwa dada kiranja nilifika kumi, lakini sufuria inauma zaidi."

Muuguzi alikuwa anakata shashi. Mkasi ulisimama.

Mama Kumi alilisikia kila neno na hakulielewa hata moja, au tuseme alilielewa na akili yake ikakataa kulipokea. "Kwa dada kiranja inauma kitu gani?" aliuliza.

Kidoti alimwangalia kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa na mashaka ya mtoto anayedhani anategwa. "Pini," alisema. "Si unajua, mwalimu? Ile ya kubandikia matangazo, yenye kichwa bapa. Kichwa anakaa nacho yeye kwenye kiganja, ncha inakuja kwangu. Ukishikana ndiyo inaingia. Ukivuta mkono, wewe unasema tuanze upya, na inaingia pengine tena. Kwa hiyo ni bora usivute. Mtu akilia, wewe unasema ameguswa moyo."

Mama Kumi aliyaona tena yale machozi ya miezi miwili iliyopita, yakianzia kwenye nne, na leso yake mwenyewe, na jinsi alivyosema "vizuri sana, wanangu, endeleeni". Alisimama nusura aliangushe beseni. Kwa muda wa pumzi tatu au nne alimchukia mtoto yule, kweli kabisa, kwa kumwambia.

"Jana alinisubiri getini," Kidoti aliendelea, maana akianza huyu mkimya kumbe alikuwa na mengi. "Akasema wageni ni wakubwa, kwa hiyo leo ataweka mbili."

"Na wengine wanajua?"

"Wote wanajua. Inaitwa kupigwa muhuri. Ukishapigwa muhuri ndiyo imekwisha, hushtaki tena."

Muuguzi aliufunga mkono ule kwa shashi, taratibu, bila kumtazama mwalimu. Mama Kumi aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto. "Leo hakuna atakayekushika mkono," alisema. "Nakuahidi."

"Na Ijumaa ijayo?" Kidoti aliuliza.

Mama Kumi aliinuka. Alitoka.

Njiani, katikati ya geti na madarasa, hofu ilianza kumtafutia pa kutokea, kama hofu zote zinavyofanya. Labda mtoto anasingizia. Watoto wana maneno. Labda ana chuki na Kiranja kwa sababu ya begi. Mtoto mmoja si shule nzima, na kesi sitini na tatu si mchezo. Alishikilia wazo hilo kwa nguvu zote, na ili alithibitishe, alipita darasa la tano akaomba mvulana mmoja atolewe nje.

Alikuwa Kipa, mtoto mwenye magoti yenye makovu, aliyepatanishwa muhula uliopita na mvulana mwingine kabisa, wala Kiranja hakuhusika. Mama Kumi alimchagua kwa sababu hiyo. Alimpeleka kwenye ukumbi mwembamba wa mbele ya darasa, kwenye ukuta wenye rangi iliyobanduka, akamwambia kwa upole: "Nionyeshe kiganja chako."

Kipa alirudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagota ukutani. Mikono yote miwili ilikuwa imetoweka.

"Mimi nimeshasamehe, mwalimu," alisema haraka. "Naapa nimeshasamehe. Hata yeye muulize."

Maneno hayo Mama Kumi aliyasikia kila siku. Nimeshasamehe, mwalimu: koridoni, uwanjani, mlangoni mwa ofisi, watoto walimwambia wakipita, na yeye aliyapokea kama salamu za heri. Sasa alimwona anayeyasema alivyo, mdomo umekauka na macho yanatafuta upenyo wa kukimbilia. Alipiga magoti sakafuni, sketi nzuri na yote, akamwambia hakuna chumba leo, hakuna kuhesabu, ni kutazama tu. Ilimchukua mtoto muda mrefu. Kisha mkono ukaja, umefumbwa, ukafunguka kidole kimoja kimoja.

Chini ya kidole gumba, kwenye ile nyama laini, kulikuwa na alama tatu ndogo nyeusi zilizopona vibaya. Moja ilikuwa bado ngumu kwa ndani.

"Ndiyo maana huchezi tena," alisema Mama Kumi.

"Mpira ukigonga hapo unauma," Kipa alijibu. "Lakini mimi nilipigwa kidogo. Kuna waliopigwa kuliko mimi." Halafu, kwa wema wa watoto ambao mtu mzima hastahili, akamwambia: "Usijali, mwalimu. Wengine tulidhani ndiyo adhabu yenyewe. Tulidhani unajua."

Afadhali angemtukana. Mama Kumi alibaki pale magotini baada ya mtoto kurudi darasani, ameduwaa, anautazama ukuta. Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye macho alikuwa nayo mawili, alikuwa akiyakaza kwenye nyuso za watoto ili asipitwe na chozi, na mambo yote yalikuwa yakifanyika sentimita thelathini chini yake, juu ya kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Sitini na tatu. Kila mmoja, yeye ndiye aliyemshikilia, kwa kanuni yake. Mwonevu angemchoma mwenzake porini, mwenzake angekimbia. Ni humu tu, mbele ya mwalimu wa malezi, ambamo kukimbia kulikuwa kosa.

Kengele ya saa nne ndiyo iliyomwinua. Gari la wageni lilikuwa limeshaegeshwa kando ya ofisi.

Alikuta mambo yamekwenda bila yeye. Mwalimu mkuu, baada ya kusikia Kidoti ameungua, hakuwa mtu wa kukwamishwa na kitu kidogo. Alikuwa amechukua msichana wa darasa la nne, mdogo, soksi moja imeteremka, akamfundisha mlangoni kwamba aliwahi kusukumwa kwenye foleni na sasa amesamehe. Chumba kilikuwa kimejaa. Mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, ameketi mbele, faili mapajani na waraka juu ya faili. Kando yake kijana wake wa ofisi alikuwa ameshika kamera. Mezani, kwenye kitambaa cheupe, Kiranja alikuwa ameketi wima, sweta limefungwa vifungo vyote, anatabasamu. Ndiye yule anayeuma na kupuliza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha nyooshwa, na wa yule mdogo ulikuwa njiani.

"Usimpe mkono," Mama Kumi alisema kutoka mlangoni.

Mdogo alisimamisha mkono hewani. Mwalimu mkuu aligeuka na tabasamu lililoganda. "Aa, huyu hapa mwenyewe. Mwalimu, karibu, tulikuwa tunaanza."

"Nimesema asimpe mkono." Alipita katikati ya viti, akamshika yule mdogo mabega na kumwinua, akaketi yeye kwenye kile kiti. Kilikuwa kifupi, magoti yalikaribia kumgusa kidevuni. Hakuwahi kukikalia hata siku moja. Alimnyooshea Kiranja mkono wake mwenyewe juu ya kitambaa. "Nipe mimi."

Kiranja aliutazama mkono wa mwalimu. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilipungua kidogo kidogo, kuanzia machoni. Alirudisha mkono chini ya meza, na wote waliomo chumbani wakasikia kitu chepesi kikianguka sakafuni, kisha kingine. Msichana wa darasa la nne, ambaye hakuna aliyemwambia chochote, aliinama akaviokota akaviweka mezani kwa adabu: pini mbili za ubao wa matangazo.

"Ni nini hizo?" mkaguzi aliuliza.

"Mwalimu hakulala vizuri," mwalimu mkuu alisema. "Maandalizi yamekuwa mengi. Labda tupate chai kwanza."

"Ndizo mpango wangu," Mama Kumi alijibu. Aligeukia wageni na kuwaambia yote, bila mpangilio, akianzia kwenye sufuria na kurudi nyuma mpaka kwenye begi lililolowa. Aliwaambia mahali ncha inapoingia. Aliwaambia kwa nini hakuna aliyerudi kulalamika. Kijana wa kamera aliishusha kamera mapajani. "Msiupeleke popote," alimaliza. "Mkiupeleka kwenye shule themanini na mbili, mtakuwa mmepeleka hiki. Watoto hawawezi kukimbia kwa sababu mimi nimewakataza kukimbia."

Mwalimu mkuu alianza sentensi tatu na hakumaliza hata moja. Mkaguzi aliuchukua waraka, akaukunja mara mbili, akautia ndani ya faili. Kisha akavua miwani na kumgeukia Kiranja, na hakuwa na hasira, jambo ambalo lilionekana kumtisha msichana kuliko fimbo.

"Binti, haya mambo umeyatoa wapi? Nani alikufundisha?"

Kiranja alikuwa anazikunja na kuzikunjua ncha za mikono ya sweta. Mama Kumi, ambaye tangu zahanati alikuwa na maneno makali ameyaweka tayari kwa ajili ya huyu, alingoja kusikia jina la sinema au la mtoto fulani wa mtaani.

"Nilijifunza humu," Kiranja alisema.

"Humu wapi?" Mama Kumi aliuliza.

"Kwenye kiti hicho ulichokalia, mwalimu." Sauti yake ilikuwa ileile safi ya kusoma risala. "Nilikuwa darasa la nne. Dada aliyekuwa kiranja wakati ule ndiye aliyenishika, alishamaliza shule. Angalia kwenye daftari. Mimi ni kesi ya saba."

Daftari lilikuwa mezani. Mkaguzi ndiye aliyelivuta na kulifungua ukurasa wa kwanza. Alipitisha kidole, akasimama kwenye mstari wa saba, akausoma kwa sauti kabla hajafikiri kama ausome: "Mtoto mkaidi. Ameachia mkono mara tatu. Mara ya nne amesamehe kabisa, machozi yakamtoka. Amerudi kulalamika? Hapana."

Kiranja alikuwa amefungua kiganja chake juu ya kitambaa. Alama zilikuwa nne, kuukuu, zimefifia, zimepangana kwenye nyama ya chini ya kidole gumba. Hakuna aliyemwomba azionyeshe.

Mama Kumi alizitazama. Sasa alimkumbuka, mtoto mfupi mwenye msuko mmoja wa nywele, akivuta mkono wake na kumwangalia yeye, si yule dada mkubwa, yeye. Na alikumbuka pia jinsi alivyokereka siku ile, kwa kuwa kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa inakaribia na huyu mtoto anawachelewesha.

"Mwanangu," alisema, na ilibidi aanze tena. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Kiranja alimkazia macho kwa mshangao, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ukawa wa mtoto.

"Nilikuambia, mwalimu," alisema. "Niliachia mara tatu."